Kigoda cha Mlangoni

Jikoni, hospitali ya misheni,
Iringa.
Jumanne, baada ya zamu ya mchana.

Kaka yangu Masatu,

Shikamoo. Nakupa shikamoo hiyo kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa, na mama alitufundisha kwamba mkubwa anasalimiwa hata siku aliyokuudhi. Leo umeniudhi. Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje? Mvua imefika huko Bugwema, au bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kunyeshea ziwani? Mimi huku ni mzima wa mwili, ila baridi ya Iringa haina adabu, asubuhi naingia jikoni nimejifunga khanga mbili na sweta juu yake. Roho ndiyo si nzima. Barua yako ilifika Ijumaa, nikaisoma nimesimama kando ya sufuria la maharage, nikairudia tena, maharage yakaungua. Miaka sita napikia wagonjwa hapa, sijawahi kuwaunguzia chakula. Jioni walikula uji, na msimamizi wa jiko akanisema mbele ya wenzangu. Hiyo nayo nakuhesabia wewe.

Umeandika kurasa nne. Nimezisoma zote, usije ukasema Nyanjura anasomaga juu juu. Umesema mguu wa mama haujapona tangu alipojikata na jembe akipalilia mihogo mwanzoni mwa mwaka jana, na kwamba mmempeleka Musoma, daktari akautazama, akasema mkirudi baada ya mwezi mmoja na hakuna mabadiliko, itabidi ukatwe. Halafu unaniuliza mimi, niliye huku, kama nakubali mguu ukatwe, au nakubali umpeleke kwa yule mtaalamu wa upande wa Butiama anayetaka mbuzi mweusi, maana wewe unaona kidonda hiki kina mkono wa mtu.

Kaka, ni kweli kina mkono wa mtu. Kina mikono mingi, na yote umeitaja mwenyewe kwa jina, kwa mwandiko wako mzuri.

Nianze na huyo daktari. Umeandika hivi: "Hakutupa dawa yoyote ya maana, alitupa maneno tu." Kisha ukayaandika hayo maneno ili nami nicheke pamoja na wewe. Kwamba mama alale, mguu uinuliwe juu ya mto. Kwamba kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, kifunikwe kwa kitambaa safi, na kisifunguliwe ovyo. Kwamba ale samaki, mayai, maharage na mboga za majani. Kwamba mrudi baada ya mwezi, au siku hiyo hiyo akishikwa na homa au kidonda kikibadilika rangi na kunuka. Chini yake ukaandika kwamba hospitali siku hizi imebaki jina, zamani tulipewa dawa bure na sasa tunachangia pesa halafu tunaambiwa tukalale.

Sikucheka. Masatu, ile ndiyo ilikuwa dawa. Ulipewa dawa mkononi, ukaitupa njiani kati ya hospitali na stendi, ukaenda kwa yule kijana wa duka la dawa pale stendi ambaye juzi tu alikuwa anauza betri na mafuta ya taa. Tangu maduka yaruhusiwe kila mtu amekuwa daktari, mradi awe na rafu na kalamu ya kuandikia bei. Akamchoma mama sindano ambayo hata jina lake hukuuliza. Umeandika kwamba ilikuwa sindano "kali sana", kana kwamba ukali ndio unaoponya. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Mama alilala? Ule mto uliwekwa?

Najua haukuwekwa, maana ukurasa wa pili na wa tatu umeniorodheshea kwa fahari watu wote waliokuja kumjulia hali, ili nione kwamba mama hajatupwa. Kwaya nzima ya kanisani ilikuja Jumapili, na mama akafungua kitambaa waone. Jirani wa ng'ambo ya korongo alikuja, mama akafungua, jirani akashauri unga wa mkaa wa betri. Shangazi alikuja kutoka Butiama na majani yake kwenye mkoba, akafungua mwenyewe, akaosha kwa maji ya mtungini, akabandika. Kesho yake mwinjilisti akaja, majani yakatolewa ili aone, kisha yakarudishwa yale yale. Na mwisho umeandika sentensi ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko zote: "Mama anajitahidi sana, kila mgeni anamsindikiza mpaka barabarani."

Mgonjwa anawasindikiza wazima. Na wewe umekaa hapo ukitazama, ukaenda kuchukua kalamu uniandikie kwamba anajitahidi.

Sasa habari ya chakula. Umesema mama hapewi samaki kwa sababu samaki anafanya kidonda kinuke, shangazi kasema, na mayai hapewi kwa sababu yanaleta usaha. Kwa hiyo anakula ugali wa muhogo na chumvi. Wewe ni mvuvi, Masatu. Unalala kisiwani Rukuba wiki mbili, unarudi na sangara wenye urefu wa mlango, wote wanaingia kwenye gari la barafu la wakala wanapelekwa kiwandani, halafu nyumbani unaleta mapanki, vichwa na mifupa iliyokwisha kukatwa minofu, na hata hayo mapanki mama anakatazwa. Mwili unajengwa na nini sasa? Ukiambiwa uzibe tundu la mtumbwi utaomba mbao na misumari. Mama anaziba tundu kwenye mguu wake, na ninyi mmemnyima mbao, halafu mnauliza kwa nini halizibiki.

Unaweza kusema Nyanjura anajifanya daktari kwa sababu anapika hospitali. Mimi si daktari, na kalamu yangu ni mwiko. Lakini nikueleze jambo ambalo sikukuandikia wakati ule, sikutaka mama ahangaike. Mwaka jana wakati wa Kwaresima nilimwagikiwa na uji. Tulikuwa tunaushusha mimi na mwenzangu, mpini ukamponyoka, uji ukanishukia kuanzia gotini mpaka kwenye vidole vya mguu wa kushoto. Sitakueleza nilivyopiga kelele. Walinimwagia maji baridi muda mrefu sana, kisha nikapelekwa wodi ile ile ambayo mimi ndiye huipelekea chakula.

Pale wodini kuna dresa mmoja mzee, wote tunamwita Babu Dresa, anayefunga vidonda tangu enzi za Mjerumani, au ndivyo anavyodai. Aliniosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoozwa, akafunika kwa shashi, akaniinulia mguu, akasema, "Mama wa jikoni, kazi yangu imekwisha. Iliyobaki ni ya kwako na ya huo mguu. Ule, ulale, na usiguse." Nikasubiri dawa. Hakuna. Siku ya pili nikasubiri, hakuna. Nikaona wananidharau kwa kuwa ni mpishi. Nilikuwa na vidonge vyangu kwenye kabati, vile vya rangi mbili, nikavipasua, nikafungua shashi nikamwagia ule unga mwenyewe, kama tunavyofanyaga wote.

Babu Dresa alipokuja kufungua akakuta ule unga umegandamana na ngozi. Ikabidi abandue, na ngozi mpya nayo ikabanduka. Kaka, huyo mzee ni mpole, lakini siku ile aliniwakia mbele ya wodi nzima. Alinishika kichwa akakiinamisha nitazame mwenyewe. Kwenye ukingo wa kidonda palikuwa na utepe mwembamba wa rangi ya waridi, mwembamba kuliko uzi wa khanga. Akasema, "Unaona huu? Huu sikuuweka mimi. Huu ameuweka mwili wako ukiwa umelala. Na hapa katikati ulikuwepo mwingine, umeung'oa wewe." Kisha akaondoka bila hata kunipa pole.

Baada ya hapo sikugusa. Nilikula maharage niliyozoea kuwapikia wengine, nikala mayai, nikalala mchana kama mwanamke asiye na kazi, mguu juu. Kila akifungua nilikuwa nautazama ule utepe. Ulikuwa unakua kutoka pembeni kuja katikati, polepole mno, unatamani kuusukuma kwa mkono. Lakini ulikuja. Leo nina kovu tu, na natembea kutoka jikoni mpaka wodi za juu na ndoo mbili za chai.

Sasa nakuja kwenye kinachonikera kuliko yote, na hapa hasira si juu yako peke yako. Vidonge vya rangi mbili mnavyommwagia mama ni nani alivituma? Ni mimi. Mama alipojikata tu nilivifunga kwenye leso nikampa dereva wa basi, nikaandika, "Pasueni mmwagie kidondani." Mwandiko wangu huo. Tena nikatuma mara ya pili baada ya mguu wangu mwenyewe kupona, nikiwa nimekwisha kuwakiwa na Babu Dresa, kwa sababu sikuweza kuvumilia kumtumia mama mkono mtupu. Niliona aibu watu waseme binti yuko hospitali na hatumi dawa. Basi kama unahesabu mikono iliyo kwenye kile kidonda, wangu uandike wa kwanza. Nikiwaza hilo usingizi hauji, na siku hizi nikisikia mtu anavisifu hivyo vidonge natoka nje.

Lakini wewe, Masatu, huna haki ya kutojua. Mimi nilikuwa mdogo na bado nakumbuka, na mguu ulikuwa wako.

Ule mwaka wa foleni za sabuni, umeusahau? Ulikuwa umeshaanza kunyoa ndevu. Ulikwenda kuchonga mbao za mtumbwi, shoka likateleza likakufungua chini ya goti mpaka mfupa ukaonekana. Zahanati haikuwa na kitu, hata aspirini. Mganga aliosha, akafunga kwa kipande cha shuka, akakwambia mama yako akutunze. Dukani hakuna sabuni. Mama alichuja maji ya majivu akafulia vitambaa, akavichemsha, akavianika ndani ili nzi wasitue juu yake. Alichana khanga yake ya kanisani, ile ya maua mekundu, akawa anakufungia vipande vipande. Alikulaza chumba cha ndani, mguu juu ya gunia la pamba. Kila siku alikwenda mwenyewe ziwani kuomba sato kwa wavuvi, anakuchemshia, wewe unakunywa mchuzi na sisi wengine tunalamba sufuria. Nilikuchukia kwa ajili ya ule mchuzi, siku hizi naweza kukuambia.

Na watu walikuja. Watu wetu wanakujaga, hiyo ni heshima na siikatai. Mama alichukua kile kigoda chake cha miguu mitatu, akakiweka mlangoni, akakaa. Kila aliyefika alimpa kiti nje, akampa maji, akamweleza habari za mgonjwa, akamshukuru. Ndani hakuingia mtu. Shangazi alipofika kutoka Butiama, amepanda lori la pamba, amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, mama akamwambia, "Wifi yangu, msalimie mtoto wako kupitia ukutani, amelala." Nilikuwepo, nilikuwa nimeshika jagi la maji. Shangazi akakwambia pole huku ameegemea udongo, nawe ukaitikia kutoka ndani kama mtu aliye kisimani. Alikasirika misimu miwili ya pamba. Alisema mke wa kaka yake amemfungia mlango wa nyumba ya ndugu yake. Mama alilibeba hilo, hakujitetea hata siku moja. Wewe ukapona, ukarudi ziwani, na ndiyo maana leo una miguu miwili ya kusimama bandarini ukingoja gari la barafu.

Kwa hiyo usiniambie mama hajui. Mama anajua kuliko Babu Dresa. Lakini mtu hawezi kujikalia mlangoni mwenyewe. Kwa ajili yako aliweza kuwa na uso mkavu. Kwa ajili yake mwenyewe, akisikia hodi, anaamka, anashika ukuta, anatafuta kigoda ampe mgeni. Atafanya hivyo mpaka mguu uishe. Na kile kigoda cha mlangoni kimekaa bila mtu tangu alipojikata, wakati nyumba ina mwanamume mzima.

Haya, jibu langu ndilo hili. Kwa mganga wa mbuzi mweusi sikubali. Kukatwa pia sikubali wala sikatai, kwa sababu mwezi wa daktari haujaanza bado. Mmeupoteza kwa kwaya na majani. Mwezi huo uanze siku utakayopokea barua hii. Lakini kwanza mrudishe Musoma hata kwa kukopa baiskeli ya mkokoteni, daktari akitazame kidonda kilivyo sasa baada ya hayo yote mliyokipaka, na umweleze kila kitu bila kuficha, hata sindano ya stendi, hata vidonge vyangu. Umwambie dada yake mgonjwa, hapana, umwambie binti wa mgonjwa anaomba asikasirike, na ampe mama mwezi mwingine kama mguu bado unaruhusu. Akisema hauruhusu, akisema ni sasa, basi ni sasa, na mimi nitasaini nikiwa njiani. Akisema unaruhusu, mrudishe nyumbani umlaze.

Yuko mwalimu mmoja wa Bunda aliyekuja huku kumwona mdogo wake, anarudi Alhamisi, nimempa kifurushi. Ukichukue kwake. Usikipekue ukitafuta dawa, haimo. Mna sabuni miche mitatu, shuka jeupe la kuchana, chumvi, na foronya ya mto. Wifi achemshe vipande vya shuka kabla ya kila kufunga, anawe mikono mpaka viwikoni, na awe yeye peke yake anayefungua. Samaki mmoja katika kila mavuno yako asipande gari la barafu. Samaki mzima, Masatu, mwenye nyama. Wakala akinung'unika mwambie aje anione.

Na wewe rudi kutoka Rukuba mwezi huo. Ziwa halihami. Chukua kigoda, kaa mlangoni. Wageni wape maji, wape kiti nje, waeleze, washukuru. Shangazi akija, mweleze kwa heshima zote kwamba aliyekataza ni mimi. Wote waambie hivyo. Semeni Nyanjura ameharibika huko Iringa, amekuwa mzungu, ana kiburi cha mshahara, semeni lolote mtakalo. Mimi niko mbali, maneno hayo yatanifikia yakiwa yamechoka. Nitayabeba kama mama alivyoyabeba.

Mstari huu msomee mama kwa sauti, usiuruke kama ulivyozoea kuruka ninayokusema.

Mama, shikamoo. Mwanao niko salama. Nakuomba jambo moja, na ni zito kwako kuliko kulima. Hodi ikipigwa, usiamke. Itikia ukiwa umelala. Kula samaki wote, usimgawie mtoto hata mkia. Lala mchana bila aibu. Ulimfanyia Masatu hivyo hivyo, na zamu imefika kwako, basi tuachie tukufanyie.

Wasalimie wote hapo nyumbani: wifi yangu, ambaye najua ndiye anayechota maji yote na hatajwi kwenye barua zako, watoto, mkubwa umwambie nimefurahi amefaulu, shangazi yetu wa Butiama, kwa heshima, hata kama akipokea salamu hizi amenuna, na jirani wa ng'ambo ya korongo, ila betri zake abaki nazo.

Nimeomba likizo, nimepewa ile ya mwezi ujao. Nitashuka Bunda na kupata gari la kuja huko, usihangaike kunipokea. Nikifika nitapiga hodi kama mgeni mwingine yeyote. Nataka nikukute umekaa kwenye kile kigoda, unipe maji, unipe kiti hapo nje, uniambie amelala. Hata nikilia, Masatu, hata nikikusihi kwamba nimetoka Iringa na sijamwona mwaka mzima, usinipishe. Nitamsalimia kupitia ukutani, kisha nitakaa hapo na wewe mpaka aamke.

Mdogo wako mwenye hasira,
Nyanjura